Jinsi ya kufunga meko ya ukutani yasiyotumika bila kuharibu ukuta: mwongozo kamili

Nyumba nyingi za zamani za nyanda za juu, kuanzia Limuru na Nyeri hadi Lushoto, Njombe na Mufindi, zina meko ya kuotea moto sebuleni ambayo hayajaona kuni kwa miaka. Kazi yake imebaki kuingiza baridi, mbu na popo. Mwenye nyumba huita fundi, fundi anapanga matofali, anapiga lipu, rangi inapakwa na jambo linasahaulika. Masika ya kwanza yakipita, doa la rangi ya chai linajitokeza ukutani, rangi inavimba na sebule inanuka masizi. Anapaka upya. Doa linarudi.

Mara nyingi anayelaumiwa ni muuza rangi, na kosa ni la dohani, yaani njia ya moshi inayopanda hadi juu ya paa, iliyonyimwa hewa. Masizi yaliyoganda ndani yake yana chumvi zinazovuta unyevu. Hewa yenye mvuke ikikwama humo hukutana na baridi ya sehemu ya juu na kugeuka maji, na mvua kidogo inayoingia haina pa kukaukia. Maji hayo yanayeyusha chumvi na lami ya masizi, yanapenya kwenye tofali na kutokeza kwenye lipu. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inalenga jambo moja: kuzuia mvua, ndege na nyuki visiingie, huku hewa ikiendelea kupita kutoka chini hadi juu.

## Vifaa

Vipimo hivi ni vya mdomo wa meko wenye upana wa sentimita 95 na kimo cha sentimita 75. Wako ukiwa tofauti, pima kwanza ndipo uende dukani.

- Matofali ya saruji ya inchi 6 (sm 45 × 23 × 15): 8. Yanayoingia ni 6. Mawili ni ya akiba, maana tofali likikatwa vibaya halina kazi nyingine.
- Saruji: kilo 20. Hakuna haja ya mfuko mzima.
- Mchanga: ndoo 3 za lita 20. Wa lipu uchekechwe.
- Nondo ya milimita 6: mita 1, ikatwe vipande vinne vya sm 20.
- Nailoni ya kuzuia unyevu, ile mafundi wanaiita dipisii: upana wa sm 15, urefu wa mita 1.
- Wavu wa kuku: ukanda wa upana wa sm 20, urefu wa mita 2.5.
- Grili ya hewa yenye chandarua, ya kufunika tundu la sm 22 × 15 na kuzidi kidogo kila upande.
- Kofia ya bati ya dohani, geji 24, yenye miguu minne (maelezo yako kwenye Hatua ya 3).
- Wavu mgumu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3, wa kuzungushia kofia.

Zana: mwiko, pimamaji, kamba, nyundo na tindo, grenda yenye diski ya kukatia mawe, drili yenye biti ya milimita 8, karai, kibao cha kusugulia lipu, brashi ya waya, brashi ngumu ya dohani, kamba imara yenye urefu mara mbili ya dohani, turubai, ngazi. Kwa mwili wako: barakoa inayobana vizuri, miwani ya kuzuia vumbi, glavu na nguo za mikono mirefu. Masizi si vumbi la kawaida. Yana kemikali zinazoweza kusababisha saratani, ya ngozi ikiwemo, kwa hiyo usifanye kazi kifua wazi kwa sababu kuna joto.

Muda: siku moja ya dohani na paa, siku moja ya kujenga, siku mbili za lipu, kisha wiki nne za kusubiri kabla ya rangi. Chagua kiangazi. Januari na Februari panafaa Limuru, Nyeri na Lushoto. Njombe na Mufindi miezi hiyo ni ya mvua, huko subiri Agosti.

## Hatua ya 1: Hakikisha meko yanafungika

Kuna mambo manne ya kukagua. Mojawapo likigoma, simama hapo hapo.

Je, dohani inatumiwa na moto mwingine? Katika nyumba hizi ni kawaida meko mawili kupeana mgongo, moja la sebuleni na jingine la chumba cha kulala, au jiko la kuni la jikoni kupitisha moshi kwenye ukuta huo huo. Kwa kawaida kila moto una njia yake ndani ya dohani, lakini usiamini kwa macho. Ukishahakikisha hakuna gesi wala nyuki (maswali yaliyo hapa chini), washa majani mabichi machache kwenye meko unayotaka kufunga, yatoe moshi mwingi bila mwali mkubwa. Mtu mmoja asimame nje akitazama kichwa cha dohani, mwingine azunguke vyumbani na kuangalia darini. Moshi ukitokea chumba kingine, njia zimeungana au ukuta wa katikati umepasuka. Ukiziba juu katika hali hiyo, moshi wa meko ya pili utarudi ndani, pamoja na kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini.

Je, kuna jiko la mkaa linaloingizwa chumbani wakati wa baridi? Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Meko yaliyo wazi, hata yakikera kwa upepo, ndiyo yamekuwa yakitoa hewa chafu ya jiko hilo. Ukishayafunga, tundu dogo litakaloachwa halitatosha kulinda mtu aliyelala na mkaa. Kama familia au wapangaji wana desturi hiyo, izungumzwe na ikome kabla hujaweka tofali la kwanza.

Je, kuna bomba la gesi au waya wa umeme ndani ya meko? Baadhi ya nyumba zilifungiwa hita za gesi baadaye. Bomba likatwe na kuzibwa na fundi wa gesi, tena mbali na meko. Usilifukie ukutani likiwa na gesi.

Je, kuna viumbe? Nyuki wanapenda dohani. Ukisikia mvumo au kuona nyuki wakiingia na kutoka juu, mwite mfuga nyuki. Usiwashe moto kuwafukuza: nta iliyojaa humo huwaka, na dohani nzima inaweza kushika moto. Popo na ndege uwasubiri watoke, na kama kuna makinda kiotani, ahirisha kazi.

*Ukifaulu:* moshi unatoka sehemu moja tu, juu ya paa, na hakuna chumba kingine kilichonuka moshi.

## Hatua ya 2: Safisha dohani yote

Mafundi wengi huruka hatua hii kwa hoja kwamba "si inafungwa tu?" Masizi yatakayobaki ndiyo yatakayokupa doa na harufu kila mvua ikinyesha.

Ondoa chanja ya kuni, majivu na matofali yaliyolegea. Tandaza turubai hadi katikati ya chumba na uning'inize jingine mbele ya mdomo wa meko, ulibane kwa mbao na mkanda. Kama koo la dohani lina kilango cha chuma, kifungue kabisa na ukifunge kwa waya kibaki wazi daima. Bora zaidi, king'oe. Kilango kilichojifunga nyuma ya ukuta ni sawa na kuziba dohani kwa zege.

Funga kamba pande zote mbili za brashi ngumu. Mtu wa juu avute, wa chini avute, brashi ipande na kushuka mara kumi hivi. Kama hakuna brashi ya dohani, gunia lililojazwa katani na kutiwa jiwe la kilo 3 hivi hufanya kazi, ila lisibane njia hadi likakwama. Subiri nusu saa vumbi litue ndipo ufungue turubai. Zoa masizi kwa beleshi na uyafunge kwenye mfuko. Ukianza na ufagio yatahamia kwenye mapazia.

Malizia kwa kuteremsha jiwe lililofungwa kamba kutoka juu hadi chini. Likigota katikati, kuna kiota au tofali lililoanguka, na hilo litoke kabla ya kuendelea.

*Ukifaulu:* ukiingiza kioo kidogo na kukielekeza juu, unaona mwanga wa mchana. Ukisugua ukuta wa ndani kwa glavu, unapata weusi, sio magamba yanayobanduka.

Onyo la paa: mabati ya zamani kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, ambapo kuna mbao chini. Kama paa ni la vigae vya asbesto, usipande na usikate chochote. Vigae hivyo huvunjika chini ya mguu, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Kazi hiyo ni ya wenye vifaa na kibali.

## Hatua ya 3: Vika dohani kofia

Anza na kichwa cha dohani chenyewe. Kwangua sehemu zilizolegea kati ya matofali, jaza kwa udongo (mchanganyiko wa kujengea) wa saruji 1 kwa mchanga 5, na sehemu ya juu uipe mteremko wa kuelekea nje ili maji yasituame. Kagua pia bati linaloziba maungio ya dohani na paa. Kama maji yanaingilia hapo, kufunga meko hakutakusaidia kitu, na ukuta utaendelea kulowa kama kawaida.

Kofia itengenezwe na fundi wa mabati kwa vipimo hivi: izidi kingo za nje za dohani kwa sm 5 kila upande, na miguu iiinue sm 10 hadi 15 juu ya mdomo. Mwanya huo ndio pua ya dohani. Ukiwa mdogo kuliko hapo, hewa inakabwa. Ukizidi sana, mvua ya upepo inaingia.

Zungushia mwanya huo ule wavu wa milimita 3. Wavu wa milimita 6 unazuia ndege lakini nyuki wanapita. Chandarua cha dirishani kinazuia kila kitu, hewa ikiwemo, kwa sababu buibui na vumbi hukiziba mapema. Miguu ifungwe kwa skrubu zisizoshika kutu, ndani ya plagi, kwenye tofali na si kwenye kiungo cha saruji.

Wengine hupendelea bamba la zege badala ya bati. Ni imara, lakini piga hesabu: bamba la sm 75 × 75 lenye unene wa sm 5 lina uzito wa karibu kilo 67. Kulipandisha kwa ngazi ni kuchezea mgongo na paa. Ukiling'ang'ania, limwage vipande viwili.

*Ukifaulu:* ukimwaga ndoo ya maji juu ya kofia, yote yanadondokea nje ya ukuta wa dohani na hakuna tone linaloonekana chini kwenye meko.

## Hatua ya 4: Andaa mdomo wa meko

Bandua lipu ya zamani kwa tindo, ukanda wa sm 15 pande mbili na juu ya mdomo, hadi uone tofali au jiwe. Hapo ndipo lipu mpya itashikana na ya zamani. Asiyebandua hupata ufa mwembamba unaofuata umbo la meko, na ufa huo hauponi kwa rangi.

Sugua kuta za kando za mdomo kwa brashi ya waya hadi weusi upungue, zipanguse, kisha zirushie maji. Saruji haishiki juu ya masizi.

Kama sakafu ya meko ina vigae vinavyong'aa, ving'oe mahali ukuta utakapokaa. Kama ni zege, likwaruze kwa tindo.

Usiguse linta, ile boriti iliyo juu ya mdomo, wala ukuta ulio juu yake. Kuna wenye nyumba wanaoamua, wakiwa katikati ya kazi, kuondoa ukuta wote uliochomoza ili wapate nafasi ya kabati. Ukuta huo ndio uliobeba dohani hadi juu ya paa, na uzito wake unahesabiwa kwa tani. Kuuondoa ni kazi ya mhandisi.

## Hatua ya 5: Jenga

Changanya saruji 1 kwa mchanga 5 kwa ndoo ile ile, kavu kwanza hadi rangi ilingane, kisha maji kidogo kidogo. Kama ukuta wa nyumba ni wa tofali la kuchoma lililo laini, tumia saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6, kwa sababu udongo mgumu kuliko ukuta unaoushika huupasua ukuta. Lowesha matofali, yasichuruzike.

Vuta kamba kuonyesha uso wa ukuta. Uso wa tofali uwe ndani ya uso wa lipu ya zamani kwa sm 1.5, ndiyo nafasi ya lipu mpya.

Mstari wa kwanza. Weka udongo wa sm 1.5, tandaza dipisii juu yake, kisha udongo mwembamba. Meko mengi ya zamani yamekaa moja kwa moja juu ya ardhi, na bila nailoni hiyo unyevu utapanda. Kata matofali mawili yawe na urefu wa sm 35, weka moja kila upande na uache tundu la sm 22 katikati. Vipande vya sm 10 vilivyobaki vikate kwa kimo cha sm 8 na uvipange chini ya tundu. Sasa una tundu la sm 22 kwa 15, karibu sm 10 kutoka sakafuni. Hapo ndipo dohani itavutia hewa.

Mishikio. Toboa kila upande shimo la kina cha sm 10 kwa biti ya milimita 8, usawa wa juu ya mstari huo. Jaza udongo laini, sukuma nondo, na ule urefu uliobaki ulale kwenye udongo wa kiungo. Fanya vivyo hivyo juu ya mstari wa pili.

Mstari wa pili. Nusu, zima, nusu. Tofali zima linakaa katikati, juu ya tundu, na linakuwa linta yake. Ukiweka kiungo juu ya tundu, mstari utalegea.

Mstari wa tatu. Mawili mazima, kisha sm 1.5 iliyobaki chini ya linta ijazwe kwa udongo mkavukavu unaosukumwa kwa ncha ya mwiko hadi ukatae. Udongo wa majimaji hapa husinyaa na kuacha mwanya.

Kila mstari, weka pimamaji kwa kulala na kwa kusimama. Tofali la inchi 6 lina kilo 30 hivi. Kulisogeza likishashika kunavunja kiungo. Udongo unaodondokea nyuma utoe kupitia tundu kabla haujakauka. Usijaze nafasi ya nyuma kwa kifusi, mchanga wala maboksi. Iache tupu.

*Ukifaulu:* kesho yake ukigonga ukuta kwa ngumi, hakuna tofali linalocheza, na mkono ukiingizwa kwenye tundu unahisi hewa ikivutwa.

## Hatua ya 6: Lipu na grili

Pigilia wavu wa kuku ukifunika maungio ya ukuta mpya na wa zamani, sm 10 kila upande. Rusha maji. Piga lipu ya kwanza, saruji 1 kwa mchanga 4, unene wa sm 1, na uikwaruze kabla haijakauka. Kesho yake piga ya pili ya nusu sentimita, isawazishe kwa ubao mrefu unaoegemea lipu ya zamani pande zote mbili, kisha sugua kwa kibao. Lisugue pia tundu kwa ndani, liwe laini.

Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 5. Grili isubiri lipu iwe ngumu, kisha ifungwe kwa skrubu. Usiigandishe kwa saruji, kwa sababu mara moja kwa mwaka inapaswa kufunguliwa na kufagiliwa.

Rangi isubiri wiki nne, na iwe rangi ya maji. Rangi ya mafuta hufungia unyevu ukutani na kuufanya utafute njia kwa kuvimba.

Jaribio la mwisho lifanye asubuhi kukiwa na baridi nje: washa kijiti cha ubani na ukishike mbele ya grili. Moshi unapaswa kuinama na kuingia. Mchana wa jua kali unaweza kusita au hata kurudi, na hilo ni la kawaida.

## Kama hutaki kufunga moja kwa moja

Mpangaji, au mwenye nyumba anayefikiri huenda watoto wakataka moto siku moja, atumie ubao. Fanya Hatua ya 1, 2 na 3 kama zilivyo. Kisha funga fremu ya mbao za inchi 2 × 2 zilizotiwa dawa ya mchwa, ndani ya mdomo, sm 2 kutoka usoni. Juu yake weka bodi ya saruji, ndogo kuliko mdomo kwa milimita 5 kila upande, kwa skrubu, ikiwa na tundu lile lile na grili. Jipsamu usiitumie hapa, unyevu wa dohani utaigeuza uji. Plaiwudi ya milimita 12 inaenda kama imetiwa dawa, la sivyo mchwa wataifikia kupitia nyufa za sakafu ya meko kabla hujajua.

Nyuma ya bodi andika kwa rangi kwamba juu kuna kofia. Atakayeifungua baada ya miaka mitano na kuwasha kuni atajaza nyumba moshi.

## Mambo yanapokwenda kombo

Doa la kahawia limerudi. Kagua kwa mpangilio huu: grili (je, imepakwa rangi au kabati limesukumwa mbele yake?), kofia, kisha maungio ya paa. Sababu ikishaondolewa, bandua lipu yenye doa hadi nusu mita zaidi ya mwisho wake, acha ukuta wazi ukauke kiangazi kizima, ndipo upige upya. Lipu iliyokwisha kunyonya chumvi za masizi italowa kila ukungu ukishuka, hata dohani ikiwa kavu.

Ukuta ulishazibwa kabisa na fundi aliyetangulia. Huhitaji kubomoa wote. Kata tundu la sm 22 × 15 kwa grenda, sm 10 kutoka sakafuni, katikati. Ingiza mkono wenye glavu utoe kifusi kilichorundikwa, na uvae barakoa, maana masizi ambayo hayakusafishwa yatakumwagikia. Ikibidi toa tofali zaidi, usafishe, urudishe.

Baridi inaingia kwenye grili. Nunua grili yenye mabawa yanayogeuzwa na uyaelekeze chini. Usiweke gazeti nyuma yake usiku wa Julai kwa nia ya kulitoa Agosti.

Ufa kando ya meko ya zamani. Ukiwa mwembamba kama unywele, ufungue kwa ncha ya mwiko, ujaze na upake rangi. Ukipitisha ukucha, wavu haukuwekwa au lipu ya zamani haikubanduliwa: kata ukanda wa sm 20, weka wavu, piga tena.